Nailoni Kwenye Kisima cha Binti Athumani

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nilichapwa mgongoni na nailoni iliyolowa maji, na wala sikuwa nimekosa kitu. Nakwambia mapema kabisa kwamba leo nina hasira. Kama unamtaka bibi wa kukubembeleza, pita nyumba ya pili, yule ana moyo wa huruma. Mimi kaa hapa kwenye mkeka unisikilize, na hiyo simu iweke chini.

Nilikuwa mwali niliyetoka unyagoni karibuni. Kwetu ni hapa hapa Likunja, na mto wetu unaujua. Ikifika kiangazi hauna maji hata ya kunawa uso, ni mchanga mtupu mweupe. Lakini chini ya mchanga maji yapo. Wanawake wa hapa tangu zamani wanachimba shimo mchangani mpaka wayakute, halafu humo shimoni wanatumbukiza tenga lisilo na kitako, lililosukwa kwa fito za mianzi. Kazi ya hilo tenga ni kuzuia mchanga usibomoke. Maji yanapenya katikati ya fito, mchanga unabaki nje, nawe unachota kwa kata yako taratibu. Masika yakija mto unashuka kwa kelele, unalifukia tenga, linaoza humo humo. Mwaka unaofuata unasuka jingine. Hicho ndicho kisima chetu, na mwangalizi wake alikuwa bibi mmoja mfupi, mweusi, mwenye ugoro mdomoni na ulimi mkali, akiitwa Binti Athumani. Yeye ndiye aliyechagua pa kuchimba, yeye ndiye aliyesuka tenga, na ukienda kufua nguo pale karibu utakoma.

Sasa enzi hizo nailoni ilikuwa ndiyo kwanza inaingia. Usicheke. Mjomba wangu alirudi na mfuko mmoja kutoka madukani Nachingwea, na shangazi akautundika ukutani kama picha. Ukichafuka anaufua kwa sabuni na kuuanika kambani. Msibani alikwenda nao kwapani, ndani hamna kitu, ila watu wauone. Tuliiona nailoni ni maendeleo, mwanangu. Haivuji, haiozi, haitoboki upesi. Na hilo la kutooza ndilo tulilolisifia zaidi.

Basi mwaka ule kuna mtu, mpaka leo sijui nani, aliona kusuka tenga ni kujitesa. Akachukua zile nailoni ngumu za ndani ya mifuko ya mbolea, akazizungushia kwenye shimo la kisima toka juu mpaka chini, akazikandamiza kwa mawe. Tulipofika asubuhi tukakuta kisima kinang'aa! Hakuna mchanga unaoporomoka, hakuna fito za kukuchoma mkono. Tukashangilia. Tukachota maji yaliyokuwemo, tukaondoka zetu tunaimba. Kesho yake maji kidogo. Kesho kutwa yake tukakaa pale na ndoo zetu jua linatuchoma, tunachungulia shimo, shimo nalo linatuchungulia.

Binti Athumani akashuka mtoni. Hakuamkia mtu. Akapiga magoti, akaingiza mkono shimoni, akakamata ile nailoni na kuivuta yote mpaka nje. Mimi, kwa kiherehere changu, nikawahi.

"Si mimi, bibi."

"Nimekuuliza?"

"Hapana."

"Sasa unajibu nini? Maji ya hapa juzi ulikunywa?"

"Nilikunywa."

"Basi chimba!" Na hapo ndipo nailoni ikanishukia mgongoni, paa! Wenzangu wakacheka, na kabla hawajamaliza kucheka nao ikawafikia. "Maji yanaingilia ubavuni, wajinga nyie. Mmeyafungia mlango halafu mmekaa mnayangoja. Sikilizeni, hapa kwangu haingii kitu ambacho mchanga haukili. Mwanzi unaliwa, jani linaliwa, hata mimi nitaliwa. Hili lidudu nani atalila?"

Tulichimba mpaka mikono ikachubuka. Nikarudi nyumbani nalia kwa hasira, nikamshtakia mama kwamba nimepigwa bure. Mama akanisikiliza mpaka mwisho, akasema kesho niende na jembe lenye makali. Mpaka leo naamini yule bibi alimpiga mtu asiye na hatia. Lakini neno lake alilisema kweli, na alikuja kunifundisha kusuka tenga kwa mikono yake mwenyewe, ingawa hakuniomba radhi hata mara moja.

Sasa njoo huku kwenye zama zenu, ndiko hasira yangu iliko.

Binti Athumani alikufa, kisima kikabaki na jina lake. Nailoni nazo zikaja kama nzige. Chumvi, nailoni. Nyanya, nailoni. Dagaa, vitumbua, barafu ya mtoto, nailoni, nailoni, nailoni! Vikapu vya milala tulivyosuka wenyewe vikatupwa jikoni vikalaliwa na kuku. Msichana wa hapa akipewa kikapu aende gulioni anaona haya, anasema atachekwa. Haya, na kutembea na takataka mkononi ndiyo sifa? Kila gulio likivunjwa, uwanja unabaki mweupe kwa nailoni, upepo unazisukuma mpaka korongoni, mvua inazichukua mpaka mtoni. Na watu wanaona. Wanaona, wanapita!

Serikali ikapiga marufuku mifuko ya plastiki. Mimi nilipiga vigelegele peke yangu hapa uani, majirani wakadhani nimepata mjukuu. Kwa muda kidogo tukapumua. Halafu mkafanya nini? Mkaleta vile vya kufungia, vyepesi kama ngozi ya kitunguu, visivyo na mikono. Nikimuuliza muuza nyanya, ananiambia, "Bibi, huu siyo mfuko, hiki ni kifungashio." Haa! Mtu akikatwa mikono anaacha kuwa mtu? Kinabeba nyanya kutoka sokoni mpaka nyumbani, kikifika kinatupwa, kisha unaniambia siyo mfuko! Mnamdanganya nani? Mgambo mtamdanganya, maana naye kabebea mihogo humo humo. Mto hamtaudanganya.

Mwaka huu, mwanangu, mto umetujibu.

Pampu ya kitongoji ilikufa mapema, na fundi tunaahidiwa kila wiki. Sawa, tukasema, kisima cha Binti Athumani kipo, hakijawahi kututupa. Wanawake wakaenda kuchimba kina kile kile cha siku zote. Unyevu tu. Wakasogea pembeni kidogo, unyevu tu. Mimi magoti yalikwisha kunikataza mtoni tangu pampu ilipowekwa, nikawa naletewa habari hapa nyumbani kwamba mvua za mwaka jana zilikuwa chache. Nikaamini.

Mjukuu wangu Salma yuko kidato cha pili. Ni mtoto mwenye akili, mwezi wa kumi na moja ana mtihani. Akaanza kwenda kuchota kwenye pampu ya kijiji cha pili, anatoka jogoo la kwanza, anakuta foleni ya madumu imeshapinda. Akirudi kipindi cha kwanza kimekwisha, mwalimu wa zamu anamngoja getini na fimbo. Jioni anafungua daftari, kichwa kinaangukia juu yake. Siku moja namwosha miguu yenye malengelenge, akaniambia kwa upole kabisa, kama mtu mzima, "Bibi, bora niache shule tu, nisaidie maji. Mvua zikinyesha nitarudi."

Nitarudi! Nani amewahi kuacha shule kwa sababu ya maji akarudi? Mimi mwenyewe unaniona hapa, kusoma kwangu ni kusoma sura za watu. Yale maneno yaliniingia kama mwiba. Sikulala vizuri, na kulipokucha nikachukua fimbo na jembe, nikamwita mkwe wangu Rehema, mke wa mwanangu, mama yake Salma. Nikamwambia, nishike mkono, tunakwenda mtoni. Akasema, "Mama, magoti yako." Nikasema, magoti ni yangu, twende.

Tukafika. Wanawake wenzake walikuwepo, wamekaa ukingoni wamechoka. Nikashuka ndani ya shimo kwa makalio, usicheke, nikaanza kuchimbua ubavuni kwa mkono. Sikwenda mbali. Mkono ukagusa kitu laini, kinateleza. Nikavuta. Ikatoka nailoni, nyuma yake nyingine, nyuma yake nyingine, zimeshonana na mchanga. Juu vifungashio vyenu vya juzi. Chini yake ile mifuko ya zamani yenye mikono, ina michirizi ya buluu kama imetoka dukani leo. Chini zaidi vipande vya viroba na nailoni za mbolea, vimelala tabaka kwa tabaka, mkeka juu ya mkeka. Na nyuma ya mikeka hiyo, nilipotoboa kwa kidole, mchanga umelowa chapachapa. Maji yalikuwepo, mwanangu! Yalikuwepo siku zote, yamesimama nje ya ukuta.

Nikamgeukia Rehema. "Hizi za chini zimefikaje humu? Hizi hazikuletwa na upepo, zimepangwa."

Akainamisha kichwa. "Mama, tulikuwa tunazungushia sisi, ubavu unaobomoka tu, maji yanaingilia mwingine. Kila mwaka. Mchanga unabomoka, na tenga hakuna anayejua kulisuka. Mvua zikija zinafukiwa, mwaka mwingine tunaweka mpya."

Umesikia? Kila mwaka mpya! Kosa lile lile la nailoni za mbolea, ambalo Binti Athumani alilipigia watu asubuhi moja likakoma, wakalirudia mwaka baada ya mwaka, na takataka za gulioni zikaja kujazia. Wale wengine wakaanza ule wimbo ninaoujua. Mimi sikuweka, bibi. Mimi nimeolewa hapa juzi tu. Mimi nachotaga kule juu.

Wakati huo akatokea Shaibu. Unamjua Shaibu, wa bodaboda, mtoto wa hapo mlima wa pili. Kaegesha pikipiki yake ukingoni, anatafuna chapati kutoka kwenye kifungashio, anatutazama kama anatazama mpira. Chapati ikaisha. Akakunja kile kifungashio, akakiachia. Kikaelea, kikatua mchangani, hatua chache kutoka shimoni, mbele ya macho ya mama zake waliojaa tope.

"Shaibu!" nikaita. "Umefanya nini?"

"Shikamoo bibi. Ah, hicho kimoja tu. Hizo zote mbona sio zangu, zimeletwa na mafuriko toka huko sokoni."

"Na huko sokoni zililetwa na malaika?"

"Bibi, usimaindi."

Usimaindi! Wallahi, sijui nguvu zilitoka wapi. Nilipanda lile shimo bila kushikwa mkono. Nilikuwa bado nimeshika fungu la nailoni zinazochuruzika maji ya tope, na mgongo wa Shaibu ulikuwa karibu, na mkono wangu ukakumbuka wenyewe. Paa! Ule mlio ulikuwa ule ule. Shati lake jeupe likapata ramani. Wanawake wakashika midomo.

"Maji ya hapa umekunywa?" nikamuuliza.

"Bibi, mimi nanunua ya chupa..."

"Ulipokuwa huna meno! Mama yako alikuchemshia uji kwa maji gani?"

 Akamtazama mama yake, ambaye alikuwa mle mle kati ya wale wanawake, naye mama akamkazia macho.

"Ya hapa," akasema.

"Basi chimba."

Akavua shati, akachimba. Siwezi kumnyima haki yake, alichimba kama mwanamume, akawapigia simu wenzake wa kijiweni wakaja na majembe. Hakuna aliyeuliza tena nani aliweka. Tulivuta nailoni mpaka adhuhuri, lundo likapanda kunizidi mimi nikisimama. Nami nikakaa kivulini na mianzi waliyonikatia vijana, Rehema pembeni yangu, nikamwonyesha ufito wa kwanza unapita wapi na wa pili unafungwa vipi. Vidole vyangu vimepinda, vinauma, nilikuwa nasuka huku natukana, Mungu anisamehe. Tulipolitumbukiza lile tenga shimoni watu wote wakainama kutazama. Kwanza hakuna kitu. Kisha ubavuni, katikati ya fito, mchanga ukaanza kung'aa, na maji yakaingia polepole, machafu ya rangi ya chai, kisha meupe kidogo, mpaka kata ikajaa. Mama yake Shaibu alilia. Mimi sikulia, mimi nilikuwa bado nina hasira.

Salma sasa anachota hapo na kurudi kabla jua halijapanda, anawahi kuhesabiwa namba shuleni. Neno la kuacha shule silisikii tena, na yeyote atakayelirudisha nyumbani kwangu nitagombana naye.

Unadhani yameisha? Hayajaisha. Toka hapo ulipokaa, tazama nyuma ya banda la kuku. Unaliona lile lundo? Ndizo zile. Shaibu alitaka kuzichoma pale pale mtoni, nikamwambia moshi ule atauvuta nani, mama yako au wewe? Mwingine akasema tuzifukie. Tuzifukie wapi, na tumetoka kuzifukua? Nikasema zipelekwe kwangu mpaka nipate pa kuzipeleka. Nimemuuliza mtendaji, amesema huku gari la taka halifiki. Nimemtuma Shaibu aende Ruangwa mjini, amekwenda na pikipiki yake mpaka Nachingwea, kila anakouliza wanamwambia peleka mbele. Wanunuzi wa taka wanataka chupa, hizi laini zenye tope hakuna anayezitaka. Hata bure. Sasa nieleze wewe uliyesoma, kitu ambacho dunia nzima hakuna anayekitaka kikishatumika, mbona kila siku mnakileta nyumbani mkiwa mmekikumbatia?

Watu wanasema bibi kachanganyikiwa, anafuga takataka. Waache waseme. Kila anayekuja kunisalimia lazima alipite lile lundo, na wengi wanapofika hapa mkekani kifungashio walichobebea zawadi yangu wameshakificha mfukoni. Wewe pia nimekuona.

Kwa hiyo mwanangu, sikia, maana nimechoka na magoti yanauma. Kikapu kile pale ukutani ni cha kwako, nimekisuka kwa milala, ukitoka hapa ondoka nacho, na ukichekwa gulioni waambie umetumwa na mimi, waje kunicheka hapa kwangu. Muuza nyanya akikutilia kwenye kifungashio, mrudishie, mwambie mwaga humu. Atanuna, mwache anune. Ukikuta nailoni njiani usinitafutie mwenye nayo, okota, kwa sababu mto hautakuuliza ni ya nani siku ukikosa maji. Fundisha mikono yako kusuka tenga kabla vidole vyangu havijakataa kabisa, Rehema peke yake hatoshi. Na viongozi unaowachagua waulize kwa sauti gari la taka litafika lini, usiulize kwa kunong'ona.

Nikifa, nizikeni pale juu karibu na Binti Athumani. Mimi ndani ya miaka michache mchanga utakuwa umenimaliza, nami sina kinyongo, ndiyo haki yake. Lakini lile lundo litakuwepo hapo nyuma ya banda, na michirizi yake ya buluu, linawangoja nyie na watoto wenu. Huo ndio urithi mlionitafutia niwaachie. Sikuupenda.

Haya, inuka, chukua kikapu chako. Mungu akupe maji karibu na mlango wako, akupe watoto watakaoyachota wakicheka, akupe mikono isiyoona haya kuokota. Na yule atakayetupa nailoni mtoni baada ya kunisikia, Mungu amwongoze upesi, kabla hajakutana na mimi. Amina. Pita salama, na ulipite lile lundo taratibu, ulitazame vizuri.